Mashine Inapozimwa

Saa sita mchana, mzee wa posho mill, kinu cha kusaga nafaka pale mtaani Free Area, huzima mashine, hata foleni ikifika barabarani. Hukung'uta unga mikononi, kidole kwa kidole, huvua kofia, kisha huongea na Mungu kwa sauti ya mtu asiyefukuzwa na yeyote. Leo Wariara alikuwa na wimbi la uji wa mumewe aliyelazwa hospitalini, akajipenyeza hadi mbele ya foleni.

"Mzee, nisagie kwanza! Mungu haendi popote. Basi, mimi naenda kusaga kwa jirani yako."

Mzee hakufumbua macho. "Na huyu mama, Bwana, unga wake utoke laini hata huko kwa jirani."

Foleni ikacheka. Wariara naye akacheka, akatua kikapu chake cha wimbi.

"Basi usimalize," akasema polepole. "Muombee na bwanangu."

"Anaitwa nani?" akauliza mzee, kama mtu mwenye mchana mzima.