Mgomba wa Kaka Yangu

Mama yangu humpoteza kaka yangu kila asubuhi. Akiamka tu, hata chai hajanywa, huniuliza, "Kaka yako amerudi?" Nikimwambia alikufa katika vita vya Kagera, hupiga yowe kana kwamba habari imefika sasa hivi. Majirani wa ghorofa letu mtaani Jane na Finch, huku ughaibuni, wamegonga ukuta mpaka wamechoka.

"Just tell her yuko kazini, Mom," binti yangu alinishauri. Nilimfokea. Sikulelewa kumdanganya mama yangu.

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usirudi, huzikwa mgomba badala yake. Shina hukatwa, huvishwa sanda, watu wakalia, matanga yakaanuliwa. Baba aliukata mgomba wa kaka. Mama akaulalia, akaapa kwamba atakayemzika mwanawe aliye hai amzike na yeye. Mgomba ukaozea uani. Baba naye akafa matanga ya mwanawe hayajaanuliwa.

Basi Novemba hii, nimeishiwa na mbinu, nikajiambia: akimzika kwa mikono yake mwenyewe, labda moyo utakumbuka hata kichwa kikisahau. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilizunguka maduka ya mtaa wa Agincourt nikitafuta mgomba, nikaambulia majani yake tu, yamegandishwa na kukunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikayanunua. Nikampeleka mama kwenye mnara wa mashujaa wao wa vita, katika bustani ya umma, maana sikujua pengine pa kumzika askari katika nchi hii.

Mvua ilikuwa imeyalowesha mashada mekundu ya maua yaliyowekwa na watu waliofika kabla yetu. Mama alipitisha kidole juu ya majina yaliyochongwa, moja baada ya jingine, akimtafuta mwanawe.

"Hayumo," akasema.

"Hawa ni wa kwao, mama. Wetu tunamlaza hapa chini."

Akayatazama majani. "Mtu hazikwi kwa jani," akanigombeza. "Shina liko wapi?"

"Sikupata shina, mama. Nisamehe."

Nilichimba kwa mwiko wa ugali kando ya maua yaliyonyauka, huku naogopa kufukuzwa. Mama alipiga magoti kwenye tope. Akayapapasa yale majani kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa, akavua khanga aliyojitanda kichwani, akayafunika. "Haya baba, lala," akasema, akatupa udongo. Alilia taratibu, kilio cha mtu anayejua anamlilia nani. Nami nikalia. Nilifikiri Mungu amenisikia.

Ndani ya basi alikaa kichwa wazi, akitazama kucha zake.

"Mbona nina udongo? Tumetoka kuzika?"

"Ndiyo, mama."

"Tumemzika nani?"

Sikuweza. Basi lilikuwa limejaa watu, na mimi nilikuwa nimechoka kumuua kaka yangu kila siku. "Kijana mmoja," nikasema. "Alikuwa askari."

"Masikini. Mungu amlaze pema." Akanishika mkono. "Na mama yake, ana hali gani?"