Ngazi ya Mbega wa Katoro

Pale Katoro, ukitaka kamba isiyokuangusha, utaelekezwa kwa Martina, Mama Enock. Wachimbaji wanaoshuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya dhahabu, humwamini kuliko wanavyojiamini wenyewe. Anasokotea katani pajani, mdomo haupumziki, na akikuta uzi mbovu anafumua kamba nzima hata kama mteja amesimama anasaga meno.

"Una haraka ya kufa?" humuuliza. Mteja hunywea.

Lakini kama ni sifa, asifiwe kwa lile la mbega.

Nyuma ya mihogo yake palikuwa na kipande cha msitu cha jirani yake, Mwigulu. Humo waliishi mbega kumi na mmoja, weusi tii, mabegani wamejitanda manyoya marefu meupe. Asubuhi walikaa juu matawini wakiota jua, na Martina alisokota kamba akiwa amewaelekea. Aliwapenda wala hakuficha. Ngedere ni mwizi, alisema, lakini mbega anakula majani yake, hagusi hindi la mtu. Mwaka huu mmoja wao alizaa, na mtoto alikuwa mweupe pe, kama wanavyozaliwa wote. Martina aliacha kazi siku nzima kumtazama.

Ndipo Mwigulu akaja, kofia mkononi.

"Shikamoo mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea?"

"Miti nimeiuza, mayu. Wanataka magogo ya kuzuia udongo kule maduarani. Mke wangu anapasuliwa hospitali ya Bugando mwezi huu."

Martina alikuwa na maneno makali tayari ulimini. Aliyameza. Nani amwambie mtu achague tumbili badala ya mkewe?

"Wanakata lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na msitu wa hifadhi, mkubwa, wenye majani ya kuwatosha. Taabu ilikuwa hiyo barabara, iliyochongwa juzi tu kwenda machimboni. Mbega ni mtu wa juu, akishuka chini hana ujanja. Wawili walishajaribu kuvuka, na mbwa wa kambi ya wachimbaji wakawararua. Siku msumeno ukilia, wote wangeruka chini kwa hofu, na mbwa wangewamaliza pamoja na yule mweupe. Hilo ndilo lililomnyima Martina usingizi.

Basi akafanya alichokijua. Alisokota kamba ndefu, nyembamba, ngumu, yenye mafundo ya kushikia, kama zile anazowauzia wachimbaji. Masudi, mchimbaji aliyekuwa mteja wake tangu zamani, alipanda mti wa huku na wa kule akaifunga juu ya barabara. Martina akaisifia kazi yake mwenyewe, maana kwa kujisifu hajambo.

Siku tano zilipita. Mbega waliinusa, wakaigeuzia migongo. Watu wa bodaboda wakapata cha kuchekea: Mama Enock kaanika kamba, nguo ziko wapi?

Siku ya sita asubuhi, mbwa waliua wa tatu. Martina aliwafukuza kwa mpini wa jembe, akamwinua marehemu akiwa bado na joto. Alikuwa dume kijana. Alimkunjua kiganja ili amlaze vizuri, akashtuka. Vidole vilikuwa vinne. Pa kidole gumba palikuwa na kinundu tu. Akatazama kiganja cha pili: vilevile.

"Ee Mungu wangu, Martina mjinga wewe!" alijitukana kwa sauti. Miaka yote aliwatazama kwa mbali, na kamba akawapimia kwa mkono wa mchimbaji. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mbega hakamati kamba kama mtu. Anaruka, anatua, anakimbia juu ya tawi. Anahitaji pa kukanyaga.

Zilibaki siku tatu. Alisokota mpaka paja likachubuka. Safari hii alitengeneza ngazi, ile ile ya kushukia duarani, ila ya kulala, yenye fito zilizobanana kama za kitanda. Masudi aliifunga Ijumaa jioni na kuivika matawi mabichi.

Jumamosi wakataji walifika jua likichomoza. Mkubwa wao, Chacha, aliwasha msumeno. Martina akamsimamia mbele.

"Zima, baba. Nipe asubuhi moja."

"Mama, mimi nalipwa kwa mti."

"Basi kaa chini, tazama ngazi ile. Wakigoma, nitaondoka mwenyewe."

Chacha alimtazama paja lile lenye vidonda. Akazima.

Walikaa wote, Mwigulu naye. Jua lilikuwa limeshapanda, ndipo dume kubwa likaijaribu ngazi kwa mguu mmoja, likarudi, likaijaribu tena. Kisha likapita mbio. Wengine wakafuata mmoja mmoja, mikia ikining'inia juu ya barabara, na bodaboda zikasimama. Martina alihesabu kwa kunong'ona. Saba. Akabaki mama mwenye mtoto mweupe kifuani.

Alifika katikati, mbwa wakabweka chini, akaganda.

"Pita, mayu," Martina alimwambia, kama anavyomwambia mwanamke mwenzake. "Pita, nimeisokota mwenyewe."

Chacha aliokota bonge la udongo akawatupia mbwa, wakatawanyika. Mama yule alitambaa, akaongeza mwendo, akazama katika majani ya ng'ambo.

Watu walipiga vigelegele. Mwigulu alikuwa ameinamisha uso magotini. Martina akamwendea, akamshika bega.

"Nyanyuka. Mgonjwa anakusubiri."

Kisha akamgeukia Chacha. "Haya, kateni."

Mti wa kwanza ulipoanguka, alikaa kwenye mihogo yake, akajifunika kanga usoni, akalia.