Jina la Kazini

Mimi ni kiziwi, na nina hasira za karibu. Kwa hiyo bosi wa karakana ya masofa hapa Temeke aliponiandikia kwenye simu, "Tukuangalie mwezi mmoja kwanza," nilinuna. Niangaliwe nini, kwani mimi televisheni? Lakini kazi niliitaka mno. Kabla ya hapo nilikuwa nikishona kwenye kituo cha viziwi watupu. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi na watu wanaosikia, na nilitaka nibaki.

Sisi viziwi kila mtu tunampa ishara yake ya jina, kutokana na umbo au mazoea yake, na anayetoa jina ni kiziwi, si mwingine. Wiki ya kwanza tu nikawabatiza wote. Seremala, kwa mazoea yake, akawa kuvuta sikio. Ya bosi nikajisugua tumbo kwa kiganja, duara kubwa, nikamwandikia kwamba maana yake ni "mkubwa". Sikudanganya sana. Akaipenda! Akawa anajisugua tumbo mbele ya wateja kwa madaha, na seremala, aliyekwisha ng'amua, anakimbilia nyuma ya mbao kucheka. Siku bosi alipogundua kuwa ni kitambi chake, alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda tangu hapo.

Mwezi ukaisha, hakuna aliyeniambia lolote. Jumatatu nikaenda hivyo hivyo, nikaanza kuvalisha kiti kama mtu mwenye haki zake. Akaja mama mmoja na sofa lililochanika, akauliza jambo. Bosi akamgeukia seremala, akajifanya anachomoa kitu midomoni mwake mwenyewe, akakigonga kwa nyundo isiyokuwepo. Seremala akaninyooshea kidole.

Kumbe ndiyo mimi! Wavalisha masofa tunabana vijisumari midomoni tunapopigilia kitambaa, nao walikuwa wameshanipa jina bila hata kuniuliza. Wenye kusikia wampe kiziwi jina! Hasira ikanipanda, ikafika kooni, ikageuka kicheko. Bosi akaniandikia: "Sofa hili lako. Ukimaliza yapo mengine. Wewe wa hapahapa sasa."

Machozi yalinitoka, na yalikuwa ya furaha. Nikamtumia mama yangu ujumbe, yuko Pugu: "Kazi nimepata. Na jina nimepewa."

Akajibu papo hapo: "Alhamdulillahi. Ila nililokupa mie lina kasoro gani?"