Vitabu Safi vya Kananu

Hebu mchore mwanamke huyu akilini akifika. Ni Jumapili, ibada imeisha, na baridi ya Timau inauma masikio. Anasukuma wilbaro, amevaa gambuti na sweta mbili, ya juu vifungo vimepishana. Kwenye wilbaro kuna kisanduku cha mbao. Ni kitupu, lakini amekifunika nailoni. Yeye analowa manyunyu, kisanduku hakilowi. Huyo ndiye Kananu.

Kananu alijifunza kusoma ukutani. Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la ngano, na nyumba yao ya mbao ilipitisha upepo kila upande. Kila Desemba mama yake alikoroga gundi ya unga, akabandika magazeti juu ya yale ya mwaka uliopita. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo kurasa nyingine zilikaa kichwa chini. Hizo Kananu alizisoma akiwa kitandani, kichwa chake mwenyewe kikining'inia. Siku moja akafikia habari ya mzee aliyeibiwa ng'ombe. Iliishia patamu: endelea ukurasa wa saba. Basi akaanza kubandua kwa kucha, karatasi baada ya karatasi, akiutafuta huo wa saba, hadi upepo ukaingia ndani. Alichapwa sawasawa. Lakini alijua ng'ombe alipatikana.

Ukubwani alifunga mashada ya maua kwenye shamba la wenyewe kwa miaka ishirini na sita. Mgongo ulipokataa, akaliomba kanisa kisanduku cha vitabu vya watoto. Makao makuu yakampa vitabu arobaini kwa sharti moja: mwisho wa likizo ya Agosti vikaguliwe, na vikiwa vichafu kisanduku kihamie kanisa lingine. Kananu akaogopa. Kila alipompa mtoto kitabu, alimwambia mzazi, "Tafadhali, kitunze kama cheti cha ubatizo."

Ukaguzi ndio huu wa leo. Salesio, katibu wa kanisa, ameketi kwenye benchi barazani, nje ya mlango wa kanisa. Yeye anakagua, Kananu anaandika kwenye orodha.

"Safi," Salesio akasema, akigeuza kitabu cha kwanza. "Hiki nacho, safi. Wah, Mama, hawa watoto wako ni malaika!"

Akaja Joyline na binti yake Mwendwa. Kitabu chao kilikuwa kimevikwa karatasi ya kaki, kikatiwa ndani ya mfuko, mfuko ukafungwa fundo.

"Mwendwa," Kananu akauliza, "yule mbuzi aliyepanda paani alishukaje?"

Mtoto akamtazama mama yake.

"Atajulia wapi?" Joyline akacheka kwa fahari. "Nilikifungia kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Si wewe ulisema cheti cha ubatizo? Kwani hicho mtoto huchezea?"

Kananu akaanza kumwuliza kila mtoto hadithi yake. Hakuna aliyeijua. Kimoja kilikaa juu ya kabati, kingine kilikunjwa ndani ya kitambaa cha kwendea harusi. Thelathini na tisa, vyote safi. Mwandiko wake ukawa mdogo, mdogo zaidi.

Wa mwisho alikuwa Murungi wa gredi ya nne, kitabu amekificha nyuma ya mgongo. Kilipotoka, kilikuwa na alama za vidole vya masizi, kona zimekunjika, na ukurasa wa kumi una viazi vya mukimo vilivyokauka.

"Ni shosho, nyanya yangu," akajitetea. "Nilikuwa namsomea mekoni. Anasema rudia hapo, rudia hapo, halafu ananiongezea mukimo."

"Na mwisho ikawaje?"

"Mbwa alirudi nyumbani. Lakini shosho amekataa. Anasema huyo si mbwa yule, ni mwingine wameletewa." Akasita. "Kuna kingine cha kuendelea?"

Kananu akageuka akijifanya kutafuta kalamu, na kalamu alikuwa ameishika.

Salesio akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hiki tuseme kimepotea. Kupotea ni bahati mbaya, watatuelewa. Tukiandika kichafu, kisanduku kimeenda."

"Hakijapotea, Salesio. Si hiki hapa?"

"Nakusaidia, Mama!"

"Najua unanisaidia."

Akaandika kwenye mstari wa arobaini: kimesomwa. Kisha akarudi juu kabisa ya orodha, na kando ya kila "safi", polepole, akaongeza: hakikufunguliwa. Joyline akachungulia mstari wa Mwendwa. Murungi bado alikuwa amesimama pale pale, akingoja kujibiwa.

Kananu akampa Salesio orodha na kalamu. Makao makuu yanaitaka kesho, na bila sahihi ya katibu haipokelewi. Salesio anaisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Je, ungekuwa wewe, ungetia sahihi?