Doa Lililotoka Mara Tatu

Mama yangu alizaliwa Unguja, akarudi Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na wazazi wake akiwa msichana, na Kiswahili chake hakukiacha bandarini. Majirani tulizungumza nao Kinzwani, lakini ndani ya nyumba tuligombezwa na kubembelezwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana haya nayaandika kwa lugha hii. Kwa lugha nyingine yoyote mama angetoka mpole kuliko alivyo.

Marehemu baba alikuwa fundi wa kupiga lipu ya chokaa. Mama ndiye aliyemchekechea mchanga na kumkorogea chokaa, na kazi ikiisha yeye ndiye mkaguzi. Alikuwa akipitisha kiganja ukutani, kisha anasema, "Hapa ulikuwa umechoka," na baba anarudi na mwiko wake. Lau ningelikumbuka hilo mapema, nisingelijitia matatani.

Matata yenyewe yalianza pale kisiwa chetu cha Nzwani na serikali ya Muungano wa Komoro vilipokorofishana tena na meli zikazuiwa, na mimi niko Moroni, kisiwa kingine. Nilikuwa nimeajiriwa katika duka dogo la kuchapisha picha na kadi za harusi, mtaa wa Magoudjou. Programu za maana za kuhariri picha zilikuwa ghali, basi sisi tulitumia moja ya bure, ambayo menyu zake ni za Kifaransa na tabia zake ni za punda: ukiibembeleza inakwenda, ukiilazimisha inalala. Niliipenda mno. Nilijifundisha kutengeneza mbao ambazo hazikukatwa msituni, hariri ambayo haikufumwa, dhahabu ya kuzungushia majina ya maharusi. Nikajiona bingwa.

Kisha nikashikwa na malaria, ikaondoka, ikarudi. Nikakonda mpaka suruali ikawa inanidai kamba. Nikahamia chumba cha matofali matupu, ukuta umelowa toka chini mpaka kiunoni. Mama sikumwambia chochote. Yeye huko alikuwa akisikia kwa wachukuzi wa bandarini kwamba Wanzwani walioko Moroni wanakamatwa, wengine hawajulikani waliko. Akanipigia simu.

"Nakuja kukuchukua."

"Kwa meli ipi, mama?"

"Meli ya nini? Kwani bahari imetiwa kufuli?"

Nilijua anasema boti ndogo zilizokuwa zikiondoka kwa kificho ufukweni, zimejaa watu kupita kiasi. Mama alikuwa ameshapita miaka sitini na hajui kuogelea. Nikamwapia kwamba ni mzima, nakula vizuri, nalala pazuri. Akasema, "Nitumie picha. Nikikuona, nakaa. Nisipokuona, usinilaumu."

Mtu mwenye akili angepiga picha akaituma. Mimi nilikuwa bingwa.

Mwenye duka alinipiga picha nimesimama mlangoni. Nikaifungua kwenye kompyuta, mashavu nikayavimbisha kidogo kidogo, nikayalainisha, nikaondoa weusi chini ya macho. Halafu nikajijengea nyumba. Nilichukua rangi ya kijivu tupu, nikainyunyizia punje, nikazitia ukungu kidogo, nikatumia ile athari inayofanya kitu kionekane kimeinuka kama kwamba mwanga unatoka upande mmoja. Lipu ikatokea mbele ya macho yangu. Nikaipaka weupe wa chokaa kuukuu. Ili isionekane mpya mno, nikapiga picha doa la mvua lililokuwa kwenye dari ya duka, nikalipachika, kisha kipande kile nikakipanga upande kwa upande mpaka kikajaza ukuta mzima. Viungo havikuonekana hata ukiweka jicho kwenye kioo. Nilifurahi peke yangu kama mwehu. Nikamtumia dada yangu kwa barua pepe, maana yeye alikuwa karani katika ofisi moja kule Mutsamudu yenye mashine ya kuchapisha.

Kesho yake asubuhi dada akapiga simu. Sauti yake haikuwa nzuri.

"Mama anafunga mzigo," akasema. "Ameitazama picha yako robo saa nzima. Anasema ukuta huu haukupigwa na mkono wa mtu. Anasema doa moja limetoka mara tatu, na mvua haina kawaida hiyo."

Nikacheka. Dada hakucheka.

"Anasema kama ukuta ni wa uongo, basi na mtoto aliyesimama mbele yake ni wa uongo. Anasema umekufa, na wenzako wanatuficha mimi na yeye. Boti inaondoka leo alasiri. Anataka kuja kulitafuta kaburi lako."

"Mpe simu."

Nikasikia mvutano, kisha sauti ya mama kwa mbali, kavu kabisa: "Kama wanaweza kutengeneza uso, sauti itawashinda?"

Nilikuwa nimemuua mwanawe kwa mikono yangu mwenyewe, na sasa ningemuua na yeye. Nilimwomba mwenye duka aje na kamera yake mpaka chumbani kwangu. Nilivua shati ili mbavu zionekane, nikasimama ubavuni mwa ukuta uliolowa, kuvu zake na ndoo yangu ya maji mle mle. Tuliporudi dukani na picha ikafunguka, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kile kifaa cha kulainisha. Mazoea yana taabu. Niliifunga programu, nikaituma picha vilevile.

Kule Mutsamudu umeme ulikuwa umekatika. Dada alikaa mbele ya ile mashine akisoma kila dua anayoijua, na umeme uliporudi alasiri ilikuwa imeshaingia. Alichapisha, akakimbia mpaka ufukweni, viatu mkononi. Aliponisimulia baadaye, alisema boti ilikuwa imeshajaa na mama ameshapanda, amekaa juu ya galoni la petroli, furushi la sanda limo kwapani. Alikuwa amenunua sanda yangu.

Dada akaingia majini mpaka magotini, akampa ile karatasi. Mama aliitazama. Akapitisha kiganja juu yake, polepole, upande wa ukutani kwanza, kisha kwenye mbavu zangu. Nahodha akamwambia bibi, twende au shuka. Akashuka. Ile sanda akampa mwanamke aliyekuwa karibu yake, akamwambia aipeleke msikitini huko aendako, itamfaa maiti asiye na mtu.

Magharibi akanipigia yeye mwenyewe. Nilisema, "Mama, nisamehe." Nikasikia anavuta pumzi.

"Yule mnene nimemlilia tangu jana," akasema. "Nimeshamsomea na Yasini. Huyu mkondefu ndiye wangu."

Kisha akaanza. Kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwamba baba yako angekuchapa kwa mpini wa mwiko, kwamba homa gani hiyo usiyonambia, umekunywa dawa gani, nani anakupikia, mbona nguo zako umezianika ndani, mjinga we, mtoto mjinga we. Mimi nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili, namwomba Mungu laini isikatike.