Mamangu Makumbushoni

Enzi zetu pale Jomvu Kuu, tui halikutoka kwenye pakiti. Lilitoka kwa mama, aliyekaa juu ya mbuzi, kile kigoda cha kukunia nazi, kichwa kimeinama, leso imefungwa kifuani, na sisi watoto tumemzunguka tukivizia nazi iliyokunwa. Ukidokoa ulipigwa kofi, lakini nazi ilikuwa imeshamezwa.

Mzungu mmoja mchoraji alikuwa amepanga nyumba ya jirani. Kazi hakuwa nayo, ila kuja kukaa uani kwetu na kumkodolea mama macho. Majirani wakanong'ona. Mama hakuinua hata uso. "Mwacheni achore," alisema, "bora asinizibie mwangaza. Mimi nina wali wa kupika."

Mwezi uliopita niliikuta picha ile kwenye makumbusho ya kisiwani, nilipompeleka mjukuu wangu Rukia. Mama kavishwa shuka jeupe. Mbuzi imefutwa, pakawekwa jiwe la marumaru, na nazi imegeuzwa mtungi. Maandishi ya pembeni yanaeleza kwamba huyo ni, astaghfirullahi, mungu wa kike wa Kiyunani, anamlilia bintiye aliyepotea, na kwamba wataalamu wamestaajabia alivyoinama kwa huzuni. Hongera zao. Huzuni gani? Yeyote aliyelelewa pwani angeona kwamba mwanamke yule anakuna nazi. Rukia, mtoto wa tui la pakiti, alisoma yote akaitikia kwa kichwa.

"Huyo ni mamangu," nikamwambia.

"Wallahi, bibi?" Akatazama tena. "Mbona hukuwahi kunionyesha picha yake?"

Kwa sababu sina. Mama hakupenda kupigwa picha. Moja tu ilikuwa kwenye kitambulisho, nacho tulikirudisha serikalini alipofariki. Uso wake ulikuwa umeanza kunitoka, na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Nikaomba niipige picha kwa simu. Askari wa mlangoni akanijibu, kwa adabu sana, kwamba ni marufuku.

"Tutaipata kwenye mtandao," Rukia akanipoza. Tukakaa nje kwenye ngazi, akaandika jina la mama. Hakikuja kitu. Akaandika jina la yule Myunani, na mama akatokea, na lile shuka lake. Nililia palepale.

Enzi zetu, ukimtaka mama, ulisimama mlangoni ukaita "Mama," naye akaitika.