Tairi Lililooga

Mama mkaguzi wa malori kwenye mizani yetu hapa Wyoming, Marekani, hulala chali chini ya malori hata theluji ikigeuka matope, huku akivumisha wimbo puani. Kila tone la oili hulipangusa kwa kidole na kulinusa kama mpishi anayekagua mchuzi. Jana alimtazama Lonnie, dereva mwenzangu.

"Lori zima matope, tairi moja tu limeoga. Linaenda harusini?"

"Mimi ndiye naenda, mama. Binti yangu anaolewa leo jioni. Niachie nishuke huu mteremko mmoja tu."

"Umeosha oili, hujaosha uvujaji. Sili ya kuzuia oili imekufa, breki zimelowa. Mteremko huohuo utakuzika."

Akabandika karatasi ya kuzuia lori. Lonnie akajifunika uso kwa kofia. Mama akamrushia kitambaa.

"Natoka kazini saa kumi, nitakupeleka harusini. Futa buti kwanza. Sitaki oili kwenye gari langu."